Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Siku hizi, kabla sijawafundisha wanafunzi wangu wa jiografia chochote kuhusu upepo, huwa nawauliza swali moja: nyumbani kwenu, nani hawezi kukaa chumba kimoja na nani? Wanacheka. Wanadhani mwalimu ameanza kuzeeka. Lakini siendelei mpaka kila mmoja awe ameandika jibu kwenye daftari lake. Mimi swali hilo sikujiuliza mapema, nikaishia kulala kifudifudi mtaroni, mdomo umejaa tope, nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Naishi Kerende. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, na katikati yake, mbali na dirisha lolote, nilijenga stoo ndogo yenye kuta nene na zege juu. Watu walinicheka sana kwa hilo zege. Fundi mwenyewe aliniuliza kama nataka kuficha dhahabu. Nikamwambia nataka kuficha watu, akaacha kuuliza, nadhani aliona ni salama zaidi kutojua. Siku za kawaida stoo hiyo ilikuwa ya mahindi. Siku ya kimbunga ingekuwa yetu.

Kwa nini kimbunga? Kwa sababu nimeona mapaa mengi huku yakiezuliwa, na kila mara ni hadithi ileile. Watu wanatoka, wanatazama juu, wanasema ni upepo tu, kazi ya Mungu. Kisha wanaokota bati zao mashambani, wananyoosha misumari ileile kwa jiwe na kuzipigilia palepale zilipong'oka. Ukiwaambia wafunge kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kwa waya au kamba za chuma mpaka ukutani, wanakujibu kwamba bati haliwezi kuruka mara mbili. Jamani! Nilishachoka kubishana, nikaamua angalau watu wa nyumba yangu wajue pa kukimbilia.

Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba ulikuwa mpango wa watu wawili, mimi na mke wangu. Halafu mke wangu akajifungua kwa upasuaji, mtoto wetu wa kwanza baada ya kusubiri miaka saba. Mama yangu mzazi alishafariki, na dada zangu wako mbali, kila mmoja ana mzigo wake. Mke wangu hakuweza hata kuinua ndoo. Ikabidi mama yake aje kutoka kwao, upande wa Serengeti, karibu na Mugumu.

Kwa asiyejua mambo yetu Wakurya, ngoja nieleze. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja na hawakai chumba kimoja. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia na kuingia kwenye mahindi mpaka apite. Hii si chuki, ni heshima, na mimi nimelelewa nayo, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba safari hii heshima yenyewe ilikuja kukaa kwangu na begi lake.

Nyumbani alikataa kuingia. Alisema, kupitia mke wangu, kwamba atalala jikoni. Jiko letu liko nje, hatua kama kumi hivi kutoka mlango wa nyuma: fito, udongo, na bati kuukuu ambazo hata kunguru akitua zinalia. Usiku wa kwanza zilimsumbua kwa kelele. Kulipokucha, mzee jirani yangu, mtu mwema kupita kiasi, akamletea mawe makubwa na kuyapanga juu ya paa ili bati zitulie.

Niliporudi kutoka shule nikashika kichwa. Nikamfuata mzee, nikampa shikamoo, nikamwambia kwa upole kwamba upepo ukija, bati litaruka na jiwe litashuka, na chini ya jiwe kuna mtu.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "kwangu mawe yako juu tangu hujazaliwa. Limemwangukia nani?"

"Basi nisaidie kumwambia mama mkwe alale ndani."

Hapo akanitazama kama nimetukana. "Ndani kwako? Na wewe ukiwa humo? Wewe mura una adabu kweli?"

Nikarudi nyumbani. Mawe nikayashusha mwenyewe jioni ile, mama mkwe alipokwenda kisimani. Asubuhi nikayakuta yamerudi juu.

Wiki mbili tuliishi hivyo. Mawasiliano yote yalipitia dirisha la chumba alicholala mke wangu, ambalo linatazama jiko. "Mwambie mwalimu mkaa umekwisha," sauti ya mama mkwe ingesema, nami nimesimama uani hapohapo na gunia la mkaa begani. Mke wangu angerudia: "Mama anasema mkaa umekwisha." Nami ningejibu: "Mwambie mama huu hapa." Mke wangu angegeuka dirishani: "Anasema huu hapo." Kisha ningeliweka gunia katikati ya ua, niingie ndani, na yeye angetoka kulichukua. Tulikuwa kama watu wanaopeana vitu mpakani Sirari.

Siku moja nikaamua kumfundisha. Sikuweza kumfundisha yeye, kwa hiyo nikamfundisha mke wangu, kwa sauti ya kufika jikoni. Nilisimama dirishani na penseli mkononi.

"Mke wangu!" nikapaza sauti. "Unajua kimbunga kinavyozaliwa?"

"Niko hapa," mke wangu akasema. Alikuwa akinyonyesha, hatua moja kutoka kwangu. "Mbona unapiga kelele?"

Sikumjali. Nikaeleza kwamba upepo wenye unyevu unatoka ziwani, unafika huku kwenye joto, unapanda juu kwa kasi na kujenga mawingu marefu ya radi. Nikaeleza kwamba upepo wa chini unaweza kwenda upande mmoja polepole, na wa juu ukaenda upande mwingine kwa haraka. Nikaweka penseli katikati ya viganja viwili, nikasogeza kiganja cha juu mbele na cha chini nyuma, penseli ikaviringika. Ndivyo hewa inavyoviringika kati ya pepo hizo mbili, nikasema, imelala kama gogo. Sasa lile joto linalopanda linalinyanyua hilo gogo, linalisimamisha wima ndani ya wingu, na wingu zima linaanza kuzunguka. Sehemu inayozunguka ikibanwa ikawa nyembamba, kasi inaongezeka. Mara chache sana, ikishuka mpaka ikagusa ardhi, hicho ndicho kimbunga chenyewe, ambacho wenzetu wa nchi nyingine wanakiita tonado. Si kile kisulisuli cha vumbi kinachozunguka uwanjani mchana wa jua na watoto wakakitupia viatu. Kile kinatoka chini, na hakina hata wingu.

Nikamalizia na usalama. Usifungue madirisha ati upepo upite, huo ni uongo, unaukaribisha tu ndani. Kaa mbali na madirisha. Ingia chumba kidogo cha katikati, chini kabisa, jikunje, funika kichwa na shingo kwa mikono, na ukiwa na godoro jifunike. Kinachoua watu si upepo wenyewe, ni bati, mbao na mawe yanayorushwa. Usikimbilie kuokoa bati wala ng'ombe. Usijifiche chini ya mti. Ukikutwa nje huna pa kwenda, lala kwenye mtaro, kifudifudi, mikono juu ya shingo, ukiangalia maji yasije yakakufuata humo.

"Na stoo yetu," nikamaliza, sauti imeanza kukauka, "inaweza kubeba watu wanne!"

Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, taratibu. "Mwambie mwalimu nimesikia. Stoo ni ya mahindi. Sasa anyamaze, mtoto alale."

Mke wangu akafungua mdomo ili anifikishie ujumbe. Nikamwambia asihangaike.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia mzee na mawe yake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kukosa ujasiri wa kwenda jikoni kumwambia mtu mzima uso kwa uso kwamba nisingependa afe. Maana hicho tu ndicho nilichokuwa nataka kusema. Nilikuwa nimeshamzika mama mmoja, na huyu aliyebaki alikuwa analala chini ya mawe kwa sababu yangu.

Jumapili moja joto lilianza asubuhi mapema, la kunata, bila hata jani kutikisika. Mchana mawingu ya upande wa ziwa yakaanza kupandana. Saa tisa nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari, mke wangu na mtoto chumbani, mama mkwe jikoni akikoroga uji wa ulezi. Nikasikia ngurumo kwa mbali, nzito, isiyokatika. Sikuinua hata kichwa. Sisi wa huku tumezoea ngurumo. Mgodi uko jirani, magari makubwa yanapanda na kushuka mchana na usiku, baruti zinapiga, na mtoto wa Kerende analala usingizi kabisa.

"Mwambie mwalimu hayo siyo magari," sauti ya mama mkwe ikasema dirishani.

"Mwambie mama ni magari," nikajibu, kalamu nyekundu mkononi. "Huku ni kawaida, atazoea."

Mke wangu akapeleka. Jibu likarudi haraka kuliko siku zote. "Mwambie nimeyasikiliza wiki mbili. Magari yananguruma chini. Hii inanguruma juu."

Nikainuka, zaidi kwa kuudhika kuliko kwa wasiwasi, nikafungua mlango wa mbele. Upande wa kijiji cha Genkuru wingu lilikuwa jeusi lenye ukijani, na chini yake lilikuwa limeshusha mkia. Mnene juu, mwembamba chini, na pale ulipogusa vilima vumbi lilikuwa linazunguka na vitu vyeusi vinaruka ndani yake. Nikautazama kidogo nione unaelekea wapi. Haukwenda kulia. Haukwenda kushoto. Ulizidi tu kuwa mkubwa. Nilikuwa nimefundisha hilo miaka yote: ukikiona kimesimama mahali pamoja, ujue kinakuja kwako.

Mwalimu wa jiografia, mwenye stoo ya zege, nimeamshwa na bibi wa jikoni.

Nikakimbia ndani, nikamnyanyua mke wangu na mtoto na godoro, nikawaingiza stoo katikati ya magunia. Mvua ya mawe ikaanza kupiga. Nikafungua mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, uso ameugeuzia ukutani, khanga imemfunika kichwa mpaka mabegani. Juu yake bati zilikuwa zinainuka na kushuka, na mawe ya mzee yanagongana.

"Mama!" nikapiga kelele. Sikumwambia mtu amwambie. "Ingia ndani!"

Hakusogea.

"Mama, utakufa! Njoo!"

Akavuta khanga zaidi. Nikapiga hatua moja kumfuata, akarudi nyuma hatua moja, akaingia jikoni kabisa, chini ya mawe yaleyale. Hapo akili ikanijia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mlango aliotakiwa kupita ulikuwa na mimi ndani yake. Nikikaa hapo hataingia, na nikimfuata nitazidi kumsukumia huko, na nikimbeba kwa nguvu tutapigana wote wawili katikati ya ua mpaka kimbunga kitukute. Stoo ya watu wanne ilikuwa na nafasi ya watu watatu tu, na yule asiye na nafasi alikuwa mimi niliyeijenga.

Sijui kama niliamua. Nilichojua ni hasira. Nikapaza sauti: "Basi mimi natoka! Mimi natoka mbele! Umesikia? Sipo ndani!" Nikapita sebuleni mbio, nikatoka mlango wa mbele, nikaubamiza kwa nguvu zote ili ausikie. Nikachungulia kwenye pembe ya nyumba, nikaona khanga ikikatiza ua na kuingia mlango wa nyuma. Bibi wa miaka ile, mbio zile! Alikuwa anazo siku zote.

Mimi nikabaki nje. Mtaro wa barabara uko hatua chache kutoka kwangu, ule ambao kila mwaka nalalamika kwamba haukuchimbwa vizuri. Nikajitupa humo kifudifudi, mikono juu ya shingo, kama nilivyowaelekeza wanafunzi wangu. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Halafu ngurumo ikafika, na sina maneno yake. Masikio yaliziba. Kitu kizito kilipita juu yangu na kingine kikanikata nyuma ya mguu. Nilikuwa nafoka mle ndani ya tope, sijui namfokea nani: mila, mzee, penseli yangu, mimi mwenyewe. Nilikuwa na woga pia. Nilikuwa nafikiri kwamba mwanangu ana wiki mbili duniani na hata uso wangu hajaujua.

Kikapita. Mvua ikabaki, ya kawaida, inanyesha kama hakuna kilichotokea. Nikainua kichwa. Nusu ya paa la nyumba yangu haikuwepo. Jiko halikuwepo kabisa. Yalibaki mafiga matatu, majivu yamelowa, na pale alipokuwa anatandika mkeka wake kulikuwa na jiwe moja kubwa la mzee, limezama ardhini nusu.

Nikajaribu kusimama, mguu ukakataa. Damu ilikuwa inatoka nyingi. Nikakaa mtaroni nikiubana kwa mikono, na ndipo nikasikia kichanga kinalia ndani ya nyumba, kwa nguvu, sauti ya mtoto mzima. Nikalia na mimi. Sioni aibu kulisema.

Dirisha la mbele halikuwa na kioo tena. Sauti ya mke wangu ikatoka hapo. "Baba, upo? Mama anauliza kama umekufa."

Jamani, nilitaka kucheka na kupiga mayowe kwa pamoja. "Mwambie sijafa! Nimekatwa mguu na bati! Na wewe usitoke, una mshono, na huku nje kuna misumari kila mahali!"

Waliokuja kukagua baadaye waliandika "upepo mkali". Niliwaeleza kuhusu mkia, kuhusu mkondo mwembamba wa uharibifu, nyumba moja imevunjwa na ya pembeni haijaguswa. Wakaitikia kwa adabu na kuandika "upepo mkali" kwa mara ya pili. Mzee jirani alikuwa mmoja wa wasioguswa, na mawe yake yako juu mpaka leo. Nilishaacha kumwambia. Stoo yangu nimeiwekea pazia zito katikati na mlango wa pili upande wa nyuma, na mama mkwe, kupitia mke wangu, amesema ni kazi nzuri. Wanafunzi wananiletea majibu ya swali langu, na utashangaa: baba mkwe na mke wa mwanawe, ndugu waliogombana, jirani na jirani. Tunakaa nayo hayo darasani kwanza, kila mmoja anatafuta njia kwa nyumba yake, ndipo tunakwenda kwenye mawingu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule nilikuwa bado mtaroni, na mlango wa mbele ukafunguka.

Alitoka mama mkwe. Alitoka kinyumenyume. Mgongo wake ulikuwa kwangu, kichwa wazi, khanga yake ameikunja mkononi, na alikuwa anakuja mtaroni kwa kurudi nyuma, miguu mitupu, katikati ya bati zilizochanika na mbao zenye misumari.

"Mama, simama!" nikapiga kelele. "Kuna msumari!"

Akasimama, mguu mmoja umeinuka. Akangoja.

Wiki mbili nzima mwanamke yule hakuwa amekubali neno langu hata moja. Sasa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye mvua, akingoja nimwambie pa kukanyaga.

"Kulia," nikasema. "Kulia kidogo, mama. Hapo. Shusha."

Akashusha.

"Nyuma moja. Nyingine. Hapo kuna bati, inua mguu juu. Juu zaidi. Haya."

Kila nilichosema alikifanya. Tulikuja hivyo, hatua kwa hatua, mimi nikiona kwa niaba yake, mpaka visigino vyake vikafika ukingoni mwa mtaro.

"Simama hapo, mama. Umefika."

Akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, na ile khanga mkononi, akaninyooshea bila kugeuka.

"Funga mguu, mwanangu," akasema. Hakumwambia mtu aniambie.